Kitenzi "tell" hatua kwa hatua: mwongozo kamili kwa anayefikiri kwa Kiswahili

Shuleni wengi tuliambiwa kwamba "say" ni kusema na "tell" ni kuambia, basi, fungua ukurasa unaofuata. Maelezo hayo ni sahihi, ila yanaishia njiani. Mwanafunzi anayakariri, halafu kesho yake anaandika "He told that he is sick" na kushangaa kwa nini mwalimu kapiga mstari mwekundu. Mwongozo huu unaanzia kwenye Kiswahili chenyewe, kwa sababu anayezungumza Kiswahili tayari anazo sheria kuu za "tell" kichwani. Kazi iliyobaki ni kuzitambua, kisha kujifunza mahali ambapo Kiingereza kinakwenda njia yake.

Hatua ya kwanza: mtafute mtu ndani ya kitenzi

Chukua sentensi mbili: "Juma alisema atachelewa" na "Juma aliniambia atachelewa." Ya pili ina "-ni-", yule aliyepewa habari. Sasa iondoe hiyo "-ni-": "Juma aliambia atachelewa." Hakuna haja ya kamusi, sikio linakataa lenyewe. Aliambia nani?

Sikio la Mwingereza nalo linakataa vivyo hivyo likisikia "Juma told that he would be late." Told who? Tofauti ni kwamba Kiswahili kinamweka mtu ndani ya kitenzi na Kiingereza kinamweka nje, mara tu baada ya kitenzi:

Juma aliniambia atachelewa — Juma told me he would be late.
Nitawaambia wazazi — I'll tell my parents.
Usimwambie mtu — Don't tell anyone.

"Say" haimpokei mtu kwa namna hiyo. "Juma said me" haipo, kama ambavyo hakuna asemaye "Juma alinisema atachelewa" akimaanisha kupewa habari. Ukilazimika kumtaja mtu, "say" inaomba msaada wa "to": "Juma said to me." Lakini kwa kawaida, pakiwa na mtu, tumia "tell" na mambo yaishe.

Kosa la pili katika hatua hii ni "I told to him." Linatokana na kudhani kwamba lazima pawe na neno la kumwelekea mtu. Angalia umbo la -ambia. Limejengwa juu ya kitenzi cha kale -amba, chenye maana ya kusema, ambacho leo kimebaki katika "kwamba" na "ambaye". Ile "-i-" ya -ambia ni ileile ya kupika na kupikia: mwelekeo kwa mtu umeshaingia ndani. "Tell" nayo imeshaimeza "to". Ukiiongeza tena, umemwelekea mtu mara mbili. "To" inarudi pale tu kitu kinapotajwa kabla ya mtu: "She told the story to the children."

Kisha geuza upande wa kutendwa. "Nimeambiwa" ni "I've been told", na "niliambiwa" ni "I was told." Lakini "inasemekana" ni "it is said" au "they say". Usiandike "It is told that prices will rise." Tazama jinsi Kiswahili kinavyokupa jibu mkononi: kwenye -ambiwa kuna mtu aliyepokea habari, kwenye inasemekana hayupo. Kiingereza kinafuata mgawanyo huohuo.

Hatua ya pili: maumbo yake, kwa haraka

Ni manne tu: tell, tells, telling, told. "Telled" haipo. "Told" hutumika kwa wakati uliopita na pia baada ya have, has na had. Nilimwambia jana ni "I told her yesterday", nimeshamwambia ni "I've already told her." Usichanganye hayo mawili ukapata "I have told her yesterday."

Panapoua wengi ni kwenye swali na ukanushi. Ukishatumia "did", wakati uliopita umeshabebwa, kwa hiyo kitenzi kinarudi kuwa "tell": "Did you tell her?", "I didn't tell her." Sentensi "Did you told her?" utaisikia hata kwa watu wenye shahada.

Kwenye matamshi, dawa ni kuzuia ulimi usiongeze irabu mwishoni. Si "teli" wala "toldi". Na kama lugha yako ya nyumbani inakubadilishia l na r, fanyia mazoezi neno hili peke yake, maana utalitumia kila siku.

Hatua ya tatu: kumwambia mtu afanye jambo

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu makosa yake hayaishii kwenye sarufi, yanafika hadi kwenye heshima.

Kiswahili kinasema "nilimwambia aje". Kitenzi cha pili kinaishia kwa "e" na kinabeba kiambishi cha mtu. Kiingereza kinatumia "to" na kitenzi kitupu: "I told him to come." Wanaotafsiri neno kwa neno hupata "I told him he comes", na hiyo maana yake ni kwamba ulimpa habari kuwa yeye huwa anakuja. Si agizo tena.

Ukanushi ndio unaohitaji macho mawili. Linganisha:

Nilimwambia asije — I told him not to come.
Sikumwambia aje — I didn't tell him to come.

Katika ya kwanza ulisema kitu: ulimkataza. Katika ya pili hukusema lolote, amekuja kwa miguu yake. Kiswahili kinatenganisha haya vizuri sana, na Kiingereza pia, mradi uweke "not" mahali pake, kabla ya "to". Kamwe usiandike "I told him to don't come."

Sasa heshima. Kwa Kiswahili, -ambia haina cheo. Mtoto anaweza kutumwa, "Kamwambie mama anipe maji", na hakuna aliyemwamuru mama. Adabu inabebwa na sauti, na "naomba", na "tafadhali". Kwa Kiingereza, "told ... to" ina cheo. Aliyesema yuko juu, au anajiweka juu: daktari kwa mgonjwa, askari wa barabarani kwa dereva, mwalimu kwa mwanafunzi. Kwa hiyo "Nilimwambia bosi anipe ruhusa", sentensi isiyo na kosa lolote kwetu, ikigeuka "I told my boss to give me leave" inakuchora kama mtu aliyeingia ofisini akapiga meza. Unachotaka ni "I asked my boss for leave." Kanuni ninayoipendekeza ni hii: aliyeambiwa akiwa na haki ya kukataa, tumia "ask". Nilimwambia jirani anisaidie, "I asked my neighbour to help me." Nilimwambia dereva ashushe mwendo, hapo amua mwenyewe kama uliomba au uliamuru, maana Kiingereza kitakulazimisha uchague.

Ujumbe usio na amri hauna tatizo hilo. "Mwambie mama kuna mgeni" ni "Tell your mum there's a visitor", na hakuna atakayekunja uso.

Salamu na pole nazo zina njia yake. "Mwambie pole" haiwi "Tell him sorry." Sema "Tell him I'm sorry to hear it." "Mwambie asante" inakubalika kama "Tell her thank you", lakini "Say thank you to her for me" ni tulivu zaidi. "Nisalimie" ni "Say hello to them for me." Ile "Tell her hi" ya Nairobi na Dar inaeleweka na ni ya kirafiki, ila usiiweke kwenye barua ya kazi.

Hatua ya nne: kuripoti maneno ya mtu

Hii ndiyo mada ya kauli taarifa, au usemi wa taarifa kama wanavyouita Kenya. Kiswahili kinaacha wakati wa kitenzi kama ulivyokuwa mdomoni mwa msemaji: aliniambia anaumwa, aliniambia amelipa, aliniambia atakuja. Kiingereza kikishasema "told", kinavuta kila kitu nyuma hatua moja:

Aliniambia anaumwa — He told me he was sick.
Aliniambia amelipa — He told me he had paid.
Aliniambia atakuja — He told me he would come.

Kuna ruhusa moja: kama jambo bado ni kweli unaporipoti, unaweza kuliacha. "She told me she lives in Tanga" ni sawa kama bado anaishi Tanga. Kwenye mtihani, vuta nyuma. Kwenye mazungumzo, usijitese.

Maswali yaliyofichwa ndani ya "tell" yana mtego wa mpangilio. "Niambie benki iko wapi" watu huigeuza kuwa "Tell me where is the bank", kwa sababu wamekariri swali "Where is the bank?" Baada ya "tell me" mpangilio wa swali hauhitajiki tena: "Tell me where the bank is." Vilevile "Tell me what he wants", si "what does he want". Iwapo utasahau, sikiliza Kiswahili: benki ndiyo inayotangulia, "iko" inafuata. Kiingereza nacho kinataka "the bank" kisha "is".

Hatua ya tano: pale ambapo hakuna mtu baada yake

Nimesema "tell" inadai mtu. Sasa tuivunje sheria hiyo kidogo. Kuna vitu vichache vinavyoruhusiwa kusimama moja kwa moja baada ya "tell" hata kama hakuna aliyetajwa: a story, a joke, the truth, a lie, a secret, the time, the difference, fortunes. Hivi havikisiwi, vinakaririwa.

Na hapa mwongozo wa Kiswahili unakuacha mkono, kwa sababu sisi twasema "sema kweli" na "kusema uongo". Kiingereza hakitaki "say the truth" wala "say a lie". Ni "tell the truth", "tell a lie". Kusimulia hadithi ni "tell a story", kupiga ramli ni "tell fortunes". Methali yao "Dead men tell no tales" ni aliyekufa hatoi siri. "To tell you the truth", inayofungulia sentensi, ni "kusema kweli" yetu ileile, na kama ilivyo kwetu, mara nyingi haina uhusiano mkubwa na ukweli.

"Tell the time" inastahili aya yake. "Can you tell me the time?" ni mtu anakuuliza saa ngapi. "Can you tell the time?" ni mtu anauliza kama unajua kusoma saa, swali la kumuuliza mtoto wa darasa la kwanza. Neno "me" tu ndilo limegeuza kila kitu. Ukishaulizwa, unaingia kwenye hesabu nyingine: sisi tunaanza kuhesabu jua linapochomoza na linapotua, wao wanaanzia usiku wa manane na adhuhuri. Tofauti ni saa sita. Saa mbili kasorobo asubuhi ni "quarter to eight". Njia nyepesi ni kutazama uso wa saa ya mshale: namba iliyo mkabala na ile tunayoitaja sisi ndiyo wanayoitaja wao. Mkabala na mbili kuna nane, mkabala na nne kuna kumi.

Jihadhari zaidi na usiku. Tiketi ya ndege iliyoandikwa Sunday 02:00 ni saa nane usiku wa kuamkia Jumapili. Ukimwambia ndugu akupeleke "Jumapili usiku", ndege itakuwa imeondoka takriban siku nzima kabla yenu.

Hatua ya sita: "tell" yenye maana ya kutambua

Maana hii ndiyo inayowapita wengi waliosoma Kiingereza vitabuni. "I can't tell you" ni siwezi kukwambia, labda ni siri. "I can't tell" ni siwezi kujua, siwezi kutambua. Tena "you" imeondoka na maana imehama nayo.

Maana ya kutambua huja karibu kila mara na can, could au be able to. Nenda Feri, Dar es Salaam, asubuhi, ukasimame mezani pa muuza samaki. Mnunuzi mzoefu haulizi amevuliwa lini. Anainua kifuniko cha shavu aone kama ndani bado kwekundu, anatazama jicho kama limejaa au limezama, anabonyeza nyama kwa kidole aone kama inarudi. Kwa Kiingereza yote hayo ni sentensi moja: "You can tell it's fresh by the eyes and the gills." Ukimuuliza "Umejuaje?", swali lako ni "How can you tell?", si "How do you tell?"

Mapacha: "I can't tell them apart", siwezi kuwatofautisha. Chumvi na sukari kwenye makopo yasiyoandikwa: "I couldn't tell the difference." "As far as I can tell" ni kwa jinsi ninavyoona mimi.

Asili ya neno inasaidia hapa. Katika Kiingereza cha kale, tellan ilimaanisha kuhesabu na pia kusimulia. Kiholanzi bado kinasema tellen kwa kuhesabu na vertellen kwa kusimulia. Kijerumani zählen na erzählen. Kuhesabu huko hakujafa katika Kiingereza. Karani wa dirishani benki ni "teller", yaani mhesabu fedha, na herufi T katika ATM ni yeye huyo. Bungeni Uingereza, wabunge wanaohesabu kura za wenzao huitwa "tellers". "All told" ni kwa jumla, watu wote wakihesabiwa. Anayehesabu hutenganisha hiki na kile, kwa hiyo "tell" ya kutofautisha si mgeni wa mbali.

Kuna matumizi mengine mawili yasiyo na mtu, nayapita haraka. "Promise you won't tell" ni ahidi hutatoboa siri. Na "The long hours began to tell on him" ni kazi ya saa nyingi ilianza kumwonekana mwilini.

Hatua ya saba: misemo inayopotosha

"Tell me about it!" ndiyo inayoongoza kwa kuwaaibisha watu. Unasema foleni ya leo imekuchosha, mwenzako anajibu "Tell me about it!" Hakuombi umsimulie. Anasema "hata mimi yamenikuta, usinieleze." Ukianza kusimulia foleni kutoka Ubungo hadi Kimara, atakutazama tu. "You're telling me!" ni ndugu yake. Lakini "Tell me about your trip", yenye jambo lililotajwa, ni ombi la kweli.

"I told you so" ni "si nilikwambia!", na inaudhi kwa kiwango kilekile. "Time will tell" ni muda utasema, tena Kiswahili kikishika kusema. "There's no telling" ni hakuna ajuaye. "Tell you what", mwanzoni mwa sentensi, ni "basi tufanye hivi".

"Tell off" ni kukaripia: "The teacher told him off." Mtu huingia katikati, hasa akiwa ni him, her au them. "Tell on" ni kusemea. Mtoto anayelia "Nitakusemea kwa mama!" kwa Kiingereza atasema "I'm telling Mum!" au "I'll tell on you!" Kwa mtu mzima kazini, kuchongea wenzako kwa bosi kunaitwa vingine, na "tell on" itakufanya usikike kama mtoto.

Hatua ya nane: ofisini na kwenye usaili

"Tell" si neno la barua rasmi. Huko "inform" hushika nafasi: "I wish to inform you that..." Nayo hudai mtu bila "to", kwa hiyo "inform to you" ni kosa lilelile la "told to me". Jambo hutanguliwa na of au about: "Please inform us of any changes." Kwa barua pepe za kila siku, "let me know" ni bora kuliko zote mbili, haina ukali wa "tell me" wala ubaridi wa "inform me".

Na swali linalofungua usaili mwingi, "Tell me about yourself." Ukilitafsiri "nisimulie habari zako", utaanza na kuzaliwa, kijiji, na shule ya msingi. Msaili anataka muhtasari: unafanya nini sasa, umefanya nini kinachohusiana na kazi hii, kwa nini uko hapa. Dakika moja, mbili zikizidi.

Jipime

Funika upande wa Kiingereza kwa karatasi.

Nani alikwambia? — Who told you?
Usiseme uongo. — Don't tell lies.
Daktari aliniambia nisile chumvi. — The doctor told me not to eat salt.
Sikuwaambia waondoke. — I didn't tell them to leave.
Nilimwambia shangazi anikopeshe pesa. — I asked my aunt to lend me some money.
Inasemekana mvua itachelewa. — They say the rains will be late.
Umejuaje kwamba nimelia? — How could you tell I'd been crying?
Mwambie dada yako simu yake inaita. — Tell your sister her phone is ringing.
Niambie! — Kama ni salamu ya kijiweni, "tell" haimo kabisa: "Hey, what's up?"